Nusu Nyingine: Historia ya Ruzuku ya Mbolea katika Ukoo Wetu



Kamati ya maandalizi ya mkutano wetu wa London iliniomba kurasa chache za historia kwa ajili ya kijitabu hiki. Nadhani walitarajia nasaba: nani alimzaa nani, na nani alihamia wapi. Hayo yamekwisha kuandikwa na wengine katika vijitabu vilivyotangulia, na yameandikwa vizuri. Mimi nimechagua kuandika juu ya mbolea. Wenye kucheka na wacheke, lakini wafungue ratiba ya mkutano watazame ajenda ya sita: "Kufunga au kuendeleza Mfuko wa Mbolea."

Wanaotaka Mfuko ufungwe wana hoja nzito, wala siidharau. Wanasema kwamba tangu mwaka 2022 serikali ya Tanzania imerudisha ruzuku ya mbolea kwa wakulima wote, kwa hiyo hakuna haja ya sisi tulio Uingereza, Kanada na Dar es Salaam kuendelea kuchangia mifuko ya urea kwa ajili ya shamba la nyumbani. Shida yangu ni kwamba hoja hiyo hiyo ilikwisha kutolewa katika ukoo huu mwaka 2009, na mmoja wa walioitoa kwa sauti kubwa nilikuwa mimi. Ndiyo maana naomba mniruhusu nianze mbali kidogo.

Nimetumia vitu viwili. Cha kwanza ni kopo la biskuti la marehemu Baba, ambamo alihifadhi stakabadhi zake zote za kuuza mahindi na kununua pembejeo tangu mwaka 1976. Cha pili ni daftari la mweka hazina wetu, lenye jalada la bluu, ambalo wengi wenu mmekwisha kuliona likitolewa kwenye mkoba kila tunapokutana.

Kabla ya Baba alikuwapo Babu, na Babu hakuwahi kupokea senti moja ya ruzuku kutoka serikali yoyote. Songea ya wakati wa Waingereza ilikuwa wilaya ya mbali katika Jimbo la Kusini. Kulikuwa na tumbaku, na wakulima wetu walikuwa na chama chao cha ushirika cha Ngoni-Matengo tangu miaka ya 1930, lakini mahindi yalikuwa ya kula tu. Nani angeyasafirisha gunia kwa gunia mpaka pwani, akapata faida? Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu. Njia ya kuipata kwa vijana wengi ilikuwa mashamba ya mkonge ya Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU, na wilaya kama yetu ndizo zilizokuwa chimbuko la watu wao. Walioandikishwa walipewa nambari, wakaitwa manamba. Babu alikwenda mara tatu. Bibi alikuwa akisema kwamba jembe jipya, chumvi, na hata mbegu za tumbaku za mwaka wa kwanza, vilitoka katika mshahara wa mkonge. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba aliyekuwa akilipia gharama za shamba letu alikuwa Babu mwenyewe, kutoka Tanga, safari ya siku nyingi kutoka nyumbani.

Hapa nawaomba vijana wetu mliozaliwa Lewisham na Barking mtazame tarehe moja, yaani mwaka 1947. Katika mwaka huo Bunge la Uingereza, hapa hapa Westminster, lilipitisha Sheria ya Kilimo iliyomhakikishia mkulima wa Kiingereza soko na bei ya ngano yake, ya viazi vyake, ya maziwa yake. Vita vilikuwa vimewafundisha kwamba nchi isiyomsaidia mkulima wake huweza kulala njaa. Mwaka huo huo serikali hiyo hiyo ilianzisha kwetu Tanganyika mpango mkubwa wa karanga, kwa sababu Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mashamba yake yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, na Nachingwea imo katika lile Jimbo letu la Kusini. Matrekta yaliletwa, reli mpya ikajengwa kutoka Mtwara, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 36. Nimefikiri sana juu ya fedha hizo. Zilitumika katika ardhi yetu, lakini hazikupita katika mkono wa mkulima hata mmoja wa kwetu kwa ajili ya shamba lake mwenyewe.

Sasa nije kwa Baba. Mwaka 1973 na 1974 mvua zilikuwa haba katika sehemu nyingi za Tanzania, na huo ndio wakati watu walipokuwa wakihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Chakula kikapungua, serikali ikalazimika kutumia fedha nyingi za kigeni kuagiza nafaka. Wakubwa mtakumbuka msemo wa "Kilimo cha Kufa na Kupona". Ndipo zikaja hatua mbili ambazo, kwa maoni yangu, zilibadili maisha ya ukoo huu kuliko jambo lingine lolote tangu Vita vya Majimaji.

Hatua ya kwanza ilikuwa bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Aliyelima kando ya Dar es Salaam na aliyelima nyuma ya Peramiho walilipwa sawa kwa kilo, ingawa gunia la kwetu lilipaswa kusafiri takriban kilomita 950 kufika mjini. Gharama ya safari ilibebwa na Shirika la Taifa la Usagishaji, yaani NMC, na nyuma yake Hazina. Hatua ya pili ilikuwa mbolea ya bei nafuu. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1972, na mwaka 1976 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha fedha kwa Mradi wa Taifa wa Mahindi. Mkulima aliyekuwa katika mradi alipewa mbegu bora na mbolea, naye akilipa sehemu tu ya bei yake.

Stakabadhi ya kwanza katika kopo ni ya msimu huo. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na ninakumbuka bwana shamba akija kwa baiskeli na kutukusanya watoto na wanawake kwenye shamba la kijiji. Alituonyesha jinsi ya kupima mbolea kwa kizibo cha soda: kizibo kimoja cha mbolea ya kupandia kwa kila shimo, ukifunika na udongo kidogo kabla ya kuweka mbegu ili isiungue, kisha, mahindi yafikapo magotini, mbolea ya kukuzia, pembeni mwa shina. Bibi aliita vitu hivi "chumvichumvi" na kwa miaka miwili alikataa visiwekwe katika kipande chake. Mwaka wa tatu alimwita Baba kimya kimya na kumwomba debe moja.

Ekari ambayo zamani ilitupa magunia manne au matano ilianza kutoa kumi na mawili, hata kumi na matano. Na magunia hayo yalikuwa na mnunuzi aliyekuja kijijini kwa bei iliyotangazwa redioni. Katika msimu wa 1980/81 bei ilikuwa shilingi 1 kwa kilo, msimu uliofuata shilingi 1.50. Haionekani kuwa nyingi. Lakini kwa fedha hiyo Baba alijenga nyumba ya bati, na kwa fedha hiyo mimi na dada zangu wawili tulikwenda shule ya bweni. Katika kizazi cha Baba hakuna hata mmoja wa ukoo wetu aliyekwenda mkongeni. Nimewauliza wazee wote walio hai, na jibu ni hilo hilo. Mikoa minne ya kusini, yaani Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma yetu, ambayo zamani haikuhesabiwa katika kuilisha Dar es Salaam, ikawa ghala la taifa.

Ni lazima niseme na upande wa pili, maana baadhi ya ndugu zetu wa Arusha waliooa kwetu watasoma haya na kununa. Bei moja haikuwa zawadi kwa kila mtu. Kwa sisi tulio mbali ilikuwa ruzuku. Kwa mkulima wa karibu na soko ilikuwa kodi, kwa kuwa alilipwa chini ya kile ambacho angepata kwa kuuza mwenyewe. Wengi wao waliuza kwa njia za panya. Aidha NMC ilielemewa na madeni makubwa sana. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976 na kazi zao kupewa mashirika ya umma, na ilipofika mwaka 1982 serikali yenyewe ilitunga sheria ya kuvirudisha. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 malori hayakuwa na vipuri wala mafuta. Katika masika milima ya Lukumburu ilikuwa haipitiki, na mahindi yaliyonunuliwa kwa fedha za umma yaliharibika yakingojea usafiri. Jambo moja liliponya hali hiyo: barabara ya lami kutoka Makambako, kwenye reli ya TAZARA, mpaka Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza na kukamilika mwaka 1985. Kwa hiyo kodi ya Mwingereza nayo imo katika historia hii, na ni haki kuitaja.

Lakini barabara ilikamilika wakati ule ule mfuko wa serikali ulipokuwa ukikauka. Bajeti ya mwaka 1984 iliondoa ruzuku ya sembe. Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa thamani, na mambo yakaanza kugeuka. Mbolea haikupanda mara moja. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 mkulima alikuwa bado akilipa sehemu ndogo ya gharama yake halisi, kwa kuwa bei iliyopangwa haikuwa ikienda sambamba na thamani ya shilingi. Kisha ruzuku hiyo iliyojificha ikapunguzwa msimu baada ya msimu, na katikati ya muongo ikafikia sifuri. Kiwanda cha Tanga nacho kilikuwa kimefungwa. Bei moja ya nchi nzima ikafutwa, biashara ya nafaka ikaachiwa wafanyabiashara binafsi. Wafanyabiashara hao hawakuwa watu wabaya. Walipiga hesabu tu: kilomita 950 kwenda, kilomita 950 kurudi. Wakainunua kwetu kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, na kwa bei waliyoitaka wao.

Stakabadhi za Baba zinaonyesha hayo bila maneno. Msimu wa 1989/90 alinunua mifuko kumi na miwili ya mbolea. Msimu wa 1991/92, saba. Msimu wa 1993/94, miwili. Baada ya hapo hakuna stakabadhi tena, ila kipande cha karatasi ambacho ameandika kwa penseli: "mwaka huu samadi." Ekari tano zikawa tatu, maana kulima eneo kubwa bila mbolea katika udongo ule uliokwisha kuchoka ni kujisumbua bure. Kaka yetu mkubwa alikuwa amekwenda Dar es Salaam. Mmoja alifika London mwaka 1993, akafuatwa na wengine. Nami, nikiwa tayari muuguzi, nilifika Januari 1996 na kuanza kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko kusini mwa mto Thames.

Katika kiangazi cha mwaka huo tulipelekwa na wazee wetu matembezi kwa basi hadi Cambridgeshire. Njiani niliona shamba kubwa, tambarare, udongo mweusi mzuri ambao ungemliza Baba, nalo limeachwa magugu matupu. Nikamwuliza mzee mmoja niliyekuwa nikisukuma kiti chake, ambaye alikuwa mkulima kabla ya kuugua, je, mwenyewe amekufa? Akacheka sana. Akanieleza kwamba mwenyewe analipwa asilime. Nilidhani ananitania. Baadaye nilisoma, nikaona ni kweli: Ulaya ilikuwa na nafaka nyingi kupita kiasi kwa sababu ya ruzuku za miaka mingi, na kuanzia mwaka 1988, kisha kwa nguvu zaidi baada ya mageuzi ya 1992, wakulima wenye mashamba makubwa walilipwa kwa kulaza sehemu ya mashamba yao. Utaratibu huo uliendelea mpaka mwaka 2008. Yaani katika miaka ile ile ambayo Baba aliambiwa kwamba ruzuku ni ugonjwa unaoharibu soko, mkulima wa Cambridgeshire alipata ruzuku ya kutofanya kazi. Siandiki haya kwa wivu. Yule mzee alikuwa mtu mwema, na alipofariki alinirithisha kitabu chake cha udongo. Bali niliamua usiku ule kwamba sitakubali tena kuambiwa kwamba Baba alishindwa kwa sababu hakujua kulima.

Ukurasa wa kwanza wa daftari la bluu una tarehe ya Oktoba 1997. Tulikuwa watu sita, tukakutana katika chumba kimoja huko Plaistow, na kila mmoja akatoa pauni kumi. Maandishi yanasema: "Kwa Baba, mbolea mifuko 4, na nauli." Hatukuita jambo hilo ruzuku, tuliliita "kumkumbuka mzee". Lakini mkilisoma daftari kutoka mwanzo mtaona kwamba kila Oktoba au Novemba, kwa miaka kumi na miwili mfululizo, fedha ilitoka hapa ikaenda kununua mbolea. Kile ambacho serikali iliacha kulipa tulianza kulipa sisi, kutoka katika mishahara ya kufagia ofisi za City na kukesha na wagonjwa. Babu alilipa kutoka Tanga. Sisi tulilipa kutoka London. Tofauti ni kwamba sisi hatukurudi kila baada ya mkataba.

Baba alifariki mwaka 2005. Shamba likabaki kwa Mama na Shangazi.

Sasa nifike kwenye mwaka 2009, ambao ndio uliosababisha niandike. Bei ya mbolea duniani ilikuwa imeruka sana mwaka 2008, na serikali ya Tanzania ikaamua kuurudisha mkono wake. Ulianzishwa mpango wa vocha za pembejeo, ambao mwaka 2009 Benki ya Dunia iliukopesha dola milioni 160. Ndiyo, benki ile ile ya mwaka 1976, ambayo katikati yake ilikuwa imeshauri ruzuku ifutwe. Kila kijiji kilichagua kamati ya vocha, nusu wanaume na nusu wanawake. Kaya iliyoteuliwa ilipewa vocha za ekari moja ya mahindi: moja ya mbegu, moja ya mbolea ya kupandia, moja ya mbolea ya kukuzia. Kaya zinazoongozwa na wanawake zilipewa kipaumbele. Ulikuwa mpango uliofikiriwa vizuri, nao ulizifikia kaya zaidi ya milioni mbili katika miaka yake.

Habari zilipotufikia hapa tulifurahi mno. Katika kikao cha Septemba 2009 nilisimama nikasema kwamba mzigo umeshushwa, kwamba serikali imechukua nafasi yake, na kwamba fedha ya Mfuko ielekezwe katika kununua jokofu la Mama. Kura zilipigwa, nikashinda. Daftari linaonyesha: "Mbolea: hakuna. Jokofu: pauni 240."

Kile ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni thamani ya vocha. Vocha ililipa nusu tu. Nusu nyingine mkulima alitakiwa aitoe mwenyewe, taslimu, mbele ya wakala wa pembejeo, katika mwezi wa Novemba ambapo kihenge kimebaki na chakula cha nyumbani tu na hakuna mwenye fedha kijijini. Mama alipata vocha zake zote tatu. Alizikunja ndani ya khanga, akasubiri fedha yetu kama ilivyokuwa desturi kwa miaka kumi na miwili. Haikuja. Hakupiga simu kuuliza, kwa kuwa aliona ni aibu kudai. Mwishoni alikuja mtu mmoja mwenye pikipiki, aliyekuwa akizunguka akinunua vocha kwa wale wasio na nusu yao. Mama alimwuzia zote tatu kwa shilingi elfu kumi na tano, akatia dole gumba katika kitabu kwamba amepokea mbolea na mbegu. Halikuwa jambo la kwake peke yake. Udanganyifu wa namna hiyo ulitokea katika mikoa mingi, ukalalamikiwa hata bungeni. Mwaka huo alivuna magunia matatu.

Nililijua jambo hili mwaka 2013, nilipokwenda likizo. Alinieleza tukiwa jikoni, bila uchungu, kana kwamba anasimulia habari ya kuku aliyepotea. Jokofu lilikuwa pale pembeni, limejaa khanga zake, maana umeme ulikuwa haujafika. Alifariki mwaka uliofuata, na mpango wa vocha nao ukaisha katika kipindi hicho.

Mfuko ulianza tena mwaka 2013 hiyo hiyo, nao umeendelea mpaka leo. Wengi wenu mliojiunga baadaye hamkuwahi kujua kwa nini katika daftari kuna pengo la misimu minne. Ni kwa sababu hiyo.

Sasa ruzuku ya 2022. Bei za mbolea zilikuwa zimepanda tena duniani, hasa baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari mwaka huo. Mwezi Agosti, katika sherehe za Nanenane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango mpya, na serikali ilikuwa imetenga shilingi bilioni 150. Mfuko wa kilo 50 wa urea au DAP, ambao ungeuzwa zaidi ya shilingi 120,000, uliwekwa shilingi 70,000. Safari hii hakuna vocha ya karatasi wala kamati ya kuteua. Mkulima huandikishwa kijijini pamoja na ukubwa wa shamba lake, hupewa namba, na kwa namba hiyo hununua kwa wakala. Ni utaratibu bora kuliko ule wa zamani, nami naupongeza.

Lakini tupige hesabu pamoja. Shangazi analima ekari tatu. Kila ekari inataka mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia. Kwa bei ya msimu ule wa kwanza, mifuko sita ni shilingi 420,000. Bila ruzuku ingekuwa zaidi ya 720,000. Serikali imemwondolea Shangazi shilingi laki tatu na zaidi, na hilo ni jambo kubwa. Zile laki nne na elfu ishirini bado zinatakiwa, taslimu, mwezi ule ule wa Novemba. Yeye ana umri wa miaka sabini na mmoja na chanzo chake cha fedha ni hayo mahindi yenyewe.

Kuna na jambo la pili ambalo sikulijua mpaka nilipompigia simu kwa ajili ya makala haya. Namba ya ruzuku ya shamba letu haiko kwa jina la Shangazi. Wakati wa kuandikisha iliandikwa kwa jina la Kaka yetu mkubwa, kwa sababu yeye ndiye mrithi, ingawa anaishi Dar es Salaam na jembe hajalishika tangu mwaka 1990. Simlaumu, aliombwa na watu wa nyumbani, akakubali kwa nia njema. Lakini kila msimu Shangazi humsubiri Kaka atume namba. Msimu wa 2023/24 Kaka alikuwa safarini, simu haikupatikana kwa siku tisa, na namba ilipofika wakala wa karibu alikuwa amemaliza mbolea ya kupandia. Shangazi alipanda bila mbolea ekari moja kati ya tatu. Hakutuambia. Anafanana sana na Mama katika hilo.

Novemba 2024 nilipita Whitehall nikitoka zamu ya usiku, nikakuta maelfu ya wakulima wa Kiingereza wamejaa barabarani wakipinga mabadiliko ya kodi ya urithi. Watoto wao walikuwa wakiendesha matrekta madogo ya kuchezea mbele ya maofisi. Wakulima hao nao wamekuwa wakipunguziwa ruzuku yao ya zamani tangu mwaka 2021, baada ya nchi hii kutoka katika Umoja wa Ulaya. Nilisimama kidogo nikasikiliza. Mama mmoja mwenye umri wangu alikuwa na bango, akiwaeleza waandishi wa habari mbegu zinagharimu kiasi gani, mbolea inagharimu kiasi gani, na benki inataka kiasi gani ifikapo majira ya kuchipua. Nilizielewa hesabu zake zote.

Kuhusu ajenda ya sita, basi, nitapiga kura Mfuko uendelee, na nitatoa hoja ya nyongeza kwamba namba ya ruzuku ihamishiwe kwa jina la Shangazi kabla ya msimu ujao. Kaka amekwisha kukubali kwa simu. Inabidi mtu mmoja wa ukoo aende naye kwa mtendaji wa kijiji, na binti wa marehemu Baba Mdogo aliyeko Songea mjini yuko tayari, akilipiwa nauli. Kopo la biskuti na daftari vitakuwa mezani ukumbini siku zote mbili kwa anayetaka kuvisoma. Shangazi anasema mvua za kwanza kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba, na angependa mbolea ya kupandia iwe ndani ya nyumba ifikapo tarehe 10.